Mchezaji wa Supa Ligi Asomewe Mkataba kwa Kiswahili

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwezi wa Juni 2025 Wakenya wengi waliona chombo kikielea, wakastaajabu. Nairobi United, timu iliyokuwa ikicheza katika Supa Ligi ya Taifa (NSL), yaani ligi ya ngazi ya pili nchini, iliishinda Gor Mahia mabao 2-1 katika fainali ya Kombe la FKF. Msimu huo huo ilijikatia tiketi ya kupanda hadi Ligi Kuu pamoja na APS Bomet. Haukupita muda mrefu kabla ya timu hiyo kuvuka mipaka ya nchi kutuwakilisha katika Kombe la Shirikisho barani Afrika, ikaing'oa Étoile du Sahel ya Tunisia, klabu kongwe yenye makombe ya bara hili, na kutinga hatua ya makundi.

Niliwasikia wachambuzi wakiuita ushindi huo muujiza. Sikubaliani nao. Mnamo mwaka 1998 Mathare United, timu iliyochipuka katika chama cha michezo cha vijana wa Mathare (MYSA) kilichoanzishwa mwaka 1987, ilitwaa Kombe la Moi ikiwa bado timu ya ngazi ya pili. Miaka 10 baadaye, mwaka 2008, ikawa bingwa wa Ligi Kuu. Jambo lililotokea mara mbili si muujiza. Ni ushahidi kwamba katika ngazi ile ya chini kuna mafundi wanaounda vyombo, nasi hatuwatazami ila siku chombo kinaposhushwa majini.

Leo ningependa kuzungumza juu ya mafundi hao. Sitazungumzia mbinu za uchezaji wala uteuzi wa makocha, kwa kuwa hayo yana wenyewe. Mimi ni mwalimu wa isimu, na jambo ninalolileta mbele ya wasomaji wa safu hii, hasa walimu wenzangu na wanafunzi, ni jambo la lugha. Maoni yangu ni haya: kila mchezaji wa Supa Ligi ya Taifa anapaswa kuandikiwa na kusomewa mkataba wake kwa Kiswahili kabla ya kuutia sahihi. Naam, najua kuna watakaosema hili ni dogo. Nawaomba wanisikilize hadi mwisho.

Tuanze na majina. Ligi hii ya pili imebadilishwa jina mara kadhaa. Kuna wakati iliitwa Ligi ya Nationwide, ikaitwa Divisheni ya Kwanza, na sasa ni Supa Ligi. Mwanaisimu hawezi kukosa kutabasamu. Divisheni ya kwanza ilikuwa ya pili, na ligi iitwayo supa imewekwa chini ya nyingine! Lugha ina tabia hii: pale ambapo hali ya kitu ni duni, watu hukipamba kwa jina kubwa. Jina hupandishwa cheo ilhali mwenye jina amebaki pale pale, akisafiri usiku kucha ndani ya matatu na kuteremka asubuhi kwenda uwanjani.

Wenzetu wa Tanzania husema timu imeshuka daraja; sisi huku aghalabu tunasema imeteremshwa ngazi. Neno daraja, ambalo asili yake ni Kiarabu, limebeba maana zaidi ya moja. Daraja ni kidato cha ngazi, daraja ni cheo, na daraja pia ni kile kilichojengwa ili watu wavuke mto. Nadhani maana hii ya mwisho ndiyo inayoifaa ligi ya pili, na ndiyo tuliyoisahau. Klabu ya Shabana ya Kisii iliteremka mwaka 2006, ikarejea Ligi Kuu mwaka 2023 ikiandamana na Murang'a Seal. Ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa Kisii mwaka ambao timu hiyo iliteremka alikuwa kijana wa shule ya upili iliporudi, na katika maisha yake yote hakuwa ameiona ikicheza na vigogo. AFC Leopards nayo, pamoja na jina lake kubwa na historia yake tangu mwaka 1964, ilionja machungu hayo mwaka 2006 na kukaa huko chini hadi iliporejea mwaka 2009. Mathare United, bingwa wa 2008, iliteremka na kulazimika kupanda tena mwaka 2024 pamoja na Mara Sugar. Kwa hiyo Supa Ligi si makao ya watu wasiotuhusu. Ni mahali ambapo klabu yoyote huweza kufika, na mahali ambapo vijana wengi huanzia. Daraja likiwa bovu, wanaopanda na wanaoshuka wote hutumbukia.

Sasa nieleze jinsi jambo hili lilivyonifikia. Sina budi kukiri kwamba katika kisa hiki mimi si shujaa.

Mnamo Oktoba 2024, msimu ulipokuwa umeanza, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alibisha mlango wa ofisi yangu. Kijana huyo husomea ualimu wa Kiswahili, na wakati huo huo alikuwa beki wa kushoto wa klabu moja ya Supa Ligi, ambayo sitaitaja. Mkononi alikuwa na karatasi nne zilizokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. "Daktari," alisema kwa adabu, "naomba utusaidie na mkataba huu. Wenzangu wananiambia mimi ndiye msomi wao niwafafanulie, lakini kuna mahali hata mimi sielewi vizuri." Nilizitupia jicho zile karatasi. Zote zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kile cha mawakili, sentensi moja ikijaza nusu ya ukurasa. Nilikuwa na mlundo wa kazi za wanafunzi za kusahihisha. Nikamjibu kwa mzaha, "Mimi ni mwanaisimu, ndugu yangu, si wakili. Njoo muhula ujao tuone." Alinishukuru, akaenda zake.

Muhula uliofuata alirudi, kama nilivyomwambia. Safari hii hakuwa na ombi, bali habari. Kipa wao, kijana wa miaka 19, alikuwa ameondolewa katika klabu pamoja na wachezaji wengine watano.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mkataba ulikuwa na kipengele kilichosema kwamba klabu ingeweza, mwishoni mwa mkondo wa kwanza, kumwachilia mchezaji kwa notisi ya siku 7, na kwamba mchezaji aliyeachiliwa hangedai malipo yoyote yaliyosalia. Kitenzi cha Kiingereza kilichotumiwa hapo kina maana nyingi. Katika mazungumzo ya kawaida ni kumfungulia mtu aende, kama mwalimu anavyowafungulia wanafunzi darasani kengele inapolia. Katika istilahi za soka, ni kumfuta mchezaji katika orodha ya klabu. Yule kipa na wenzake walijua maana ile ya kwanza. Walidhani kipengele kinahusu likizo ya kati ya msimu: kwamba wangeruhusiwa kwenda makwao baada ya kupewa taarifa ya wiki moja. Mnamo Januari 2025 alipopokea barua fupi ya kumwarifu kwamba ameachiliwa, kipa huyo alifunga virago vyake akaenda kwao kupumzika. Alikopa hata nauli. Aliporudi baada ya majuma kadhaa, tayari kwa mazoezi, aliambiwa jina lake halipo tena. Klabu nyingine zilikuwa zimekwisha kusajili makipa wao katika dirisha dogo la usajili. Mishahara yake ya miezi mitatu, ambayo alikuwa akiidai, ikawa imekufa kwa mujibu wa sahihi yake mwenyewe.

Nilipousoma mkataba ule jioni hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu. Kazi ya kuutafsiri ilinichukua usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Kama ningeufanya mwezi wa Oktoba, yule kijana angejua alichokuwa akikitia sahihi, au angalau angejua asiende nyumbani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini aliyeumia hakuwa mimi niliyemngojesha mwenzangu.

Wakati wa kutafsiri niligundua jambo ambalo ningependa wanafunzi wa Kiswahili walizingatie. Lugha yetu ingeuzuia msiba huu. Tazama mzizi *ach-* na viambishi vyake. *Kuachwa* ni kubakishwa nyuma, au kupewa talaka. *Kuachiliwa* ni kufunguliwa uende, kama mfungwa au ndege. *Kuachishwa* ni kukomeshwa, na ndiyo maana tunasema mtu ameachishwa kazi na mtoto ameachishwa kunyonya. Mzungumzaji wa Kiswahili, hata ambaye hakuvuka darasa la nane, hawezi kuambiwa kwamba ameachishwa kazi akadhani anapewa likizo. Kile ambacho kitenzi kimoja cha kigeni kilikificha, mnyambuliko wa kitenzi chetu ungekianika juani. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kauli ya kutendwa, kutendewa na kutendeshwa kana kwamba ni mapambo ya mtihani. Kumbe katika viambishi hivyo mna mshahara wa mtu.

Isitoshe, mkataba wenyewe haukuandikwa kwa ajili ya watu hao. Ulikuwa na kipengele juu ya daraja la viti ambavyo mchezaji angepewa katika ndege, ilhali timu hiyo haijawahi kupanda ndege. Ulimtaka mchezaji mgonjwa amwone daktari wa klabu, na klabu haina daktari. Ni dhahiri kwamba mtu fulani aliunakili kutoka kwa klabu ya ng'ambo, akabadilisha jina na kiasi cha fedha. Nilipokutana na katibu wa klabu, mwalimu mstaafu na muungwana, alinikiria kwamba hata yeye hakuwahi kuuelewa wote. Basi hapa palikuwa na makubaliano ambayo pande zote mbili hazikuyaelewa, yakiwa yameandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeitumia mazoezini, uwanjani wala katika chumba cha kubadilishia nguo. Huko kote walizungumza Kiswahili. Kocha aliwapanga kwa Kiswahili, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili, na waliposhinda waliimba kwa Kiswahili. Ni siku ya kufunga ahadi ya fedha tu ndipo walipohamia lugha nyingine.

Sheria inasemaje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi za Jamhuri. Kwa hiyo mkataba wa Kiswahili si wa daraja la pili. Aidha, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, sehemu ya 9, inataka ajira ya miezi 3 au zaidi iwekwe katika maandishi, na inamtwika mwajiri jukumu la kuhakikisha kwamba mkataba umeandaliwa. Kisha inaongeza jambo ambalo wengi wetu hatulijui: mwajiriwa akiwa hajui kusoma, au hawezi kuisoma lugha iliyotumika, au haelewi masharti yaliyomo, mwajiri ni lazima ahakikishe kwamba ameelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Wabunge waliopitisha sheria hiyo hawakusema ni hisani. Walisema ni wajibu.

Kadhalika, kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zimeweka msingi kwamba mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi 2 anaweza, baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15 ili ilipe deni lake, kuuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Nani katika chumba kile cha kubadilishia nguo alilijua hilo? Hakuna hata mmoja. Haki isiyosomeka ni kama taa iliyofunikwa kwa chungu.

Najua hoja zitakazotolewa kunipinga, nami nataka kuzijibu kwa uadilifu.

Kuna wanaosema kwamba wachezaji wa ligi ya pili si waajiriwa bali ni watu wanaojitolea. Wanachopewa ni posho, si mshahara, kwa hiyo tusiwaletee mambo ya mikataba. Kwa kweli klabu nyingi za ngazi hiyo hazina mdhamini wala mapato ya maana ya viingilio, na viongozi wake hutoa fedha mifukoni mwao. Mgala muue na haki umpe. Hata hivyo, karatasi ileile inayoitwa ya kujitolea ndiyo inayomzuia mchezaji kujiunga na klabu nyingine kabla ya muda wake kwisha. Ikiwa ina nguvu ya kumfunga, ina uzito wa kuelezwa. Umaskini wa klabu unaweza kueleza kwa nini malipo ni madogo. Hauwezi kueleza kwa nini mlipwaji asijue masharti ya hicho kidogo. Kusema kweli kwa lugha inayoeleweka hakugharimu shilingi.

Wapo pia wanaodai kwamba mahakama zetu na mashirika ya soka hutumia Kiingereza, na kwamba tafsiri mbili za mkataba mmoja huzaa utata. Hoja hii ina mashiko, lakini tiba yake inajulikana: andika mkataba kwa lugha zote mbili, kisha utaje ni nakala ipi itakayofuatwa iwapo patatokea mgogoro. Nchi zenye lugha rasmi mbili hufanya hivyo kila siku. Utata wa kweli ni ule uliompeleka kipa wetu nyumbani na blanketi lake.

Hoja ya mwisho ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu huisikia hata vyuoni. Husemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Ajabu iliyoje kuisikia hoja hii katika soka! Hakuna uwanja ambamo Kiswahili kimejitosheleza kama huu. Tuna kipa, beki na winga. Tuna mkwaju, chenga, ngwara, tobo na kanzu. Tuna refa na mshika kibendera. Tuna mchezaji wa akiba na dakika za lala salama. Maneno mengine tuliyakopa na kuyavika sauti zetu, mengine tuliyatoa nguoni na jikoni, na yote yakakubalika bila kamati. Yalitoka vinywani mwa mashabiki na watangazaji wa redio. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka mwezi wa Februari 2025, aliweza kumfanya mtu aliyeketi gizani kijijini auone mpira ukielekea langoni, na hakuhitaji kuazima lugha ya mtu. Lugha inayoweza kueleza dakika 90 za mechi itashindwaje kueleza kurasa nne za mkataba? Maneno mkataba, kipengele, ridhaa, notisi, fidia, posho, marupurupu na malimbikizo ya mshahara yote tunayo. Kinachokosekana ni nia ya kuyatumia pale ambapo fedha zinatajwa.

Hapa nageuka kwenu, walimu wenzangu. Katika shule za upili tumeifundisha isimujamii kwa miaka mingi, na mtihani wa KCSE huitahini. Mwanafunzi hupewa dondoo, akaambiwa ataje sajili. Akiona gozi, lango na mashabiki, anaandika: sajili ya michezo. Kisha anaorodhesha sifa zake: msamiati maalumu, chuku, msisimko, kuchanganya ndimi. Anapata alama zake, nasi tunaridhika. Lakini michezo haina sajili moja. Kuna sajili ya mtangazaji, ambayo tunaifundisha kwa sababu inafurahisha. Kuna pia sajili ya meneja wa klabu anapoandika mkataba, sajili ya barua ya kumwondoa mchezaji, sajili ya ripoti ya refa. Hizi hatuzifundishi, na ndizo zitakazoamua maisha ya mwanafunzi wetu mwenye kipaji cha mguu. Tunamwandaa kuwa shabiki. Hatumwandai kuwa mchezaji.

Vivyo hivyo katika uandishi wa kiuamilifu. Mwanafunzi anaandika barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, ripoti na wasifukazi. Ni vyema. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuleta mkataba wa kweli darasani, uwe wa kupanga nyumba, wa mkopo au wa kusajiliwa katika timu, na kuwaambia wanafunzi waufafanue kipengele kwa kipengele kwa Kiswahili sanifu? Zoezi kama hilo lingewafunza mnyambuliko, sentensi changamano, ufupisho na ufahamu kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya hayo, lingewafunza kwamba lugha si somo la kupitia mtihani pekee, bali ni ngao.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, nayo si makubwa. Kwanza, shirikisho la soka liandae mkataba mmoja wa kiolezo kwa klabu za Supa Ligi, kwa Kiswahili na Kiingereza, wenye kurasa chache na vipengele vinavyolingana na hali ya klabu hizo; yasiwemo ya ndege na madaktari wasiokuwepo. Pili, usajili wa mchezaji usikubaliwe mpaka kuwe na sahihi ya shahidi asiyekuwa kiongozi wa klabu, anayethibitisha kwamba mchezaji amesomewa mkataba kwa lugha anayoielewa. Shahidi huyo anaweza kuwa mwalimu, chifu, kiongozi wa dini au mzazi. Tatu, idara za Kiswahili za vyuo vikuu, ikiwemo yangu, zijitolee kutafsiri na kufafanua mikataba hiyo kabla ya msimu kuanza. Tuna mamia ya wanafunzi wanaotafuta matini za kutafsiri kwa mazoezi. Badala ya kuwapa aya za riwaya za kigeni mwaka baada ya mwaka, tuwape karatasi zinazongojewa na watu.

Nimalizie kwa kusema yaliyofuata. Kabla ya msimu wa 2025/2026 wachezaji wa klabu ile walikataa kutia sahihi mpaka wapewe nakala ya Kiswahili. Katibu, yule mwalimu mstaafu, alikubali bila ubishi. Nadhani hata yeye alifarijika. Mwanafunzi wangu aliwasomea wenzake mkataba wote katika chumba cha kubadilishia nguo, na kusoma huko kulichukua dakika 40. Walipofika kwenye kile kipengele, neno kuachiliwa lilikuwa limeondolewa na kuwekwa kuachishwa, na mzee mmoja wa timu, kiungo aliyecheza misimu 9 katika ligi hiyo, akauliza kwa sauti, "Kumbe ndivyo ilivyokuwa siku zote?" Wakajadiliana na uongozi. Notisi ikawa siku 30, na malimbikizo ya mshahara hayafi tena kwa kuondolewa.

Yule kipa hakurudi. Yuko kwao, anaendesha bodaboda, na siku za Jumapili hulinda lango la timu ya kijiji. Nilimwandikia barua kumwomba radhi, na kumweleza kwamba zile karatasi zilinifikia mezani mapema kuliko alivyodhani. Hajanijibu, wala simlaumu.

Msomaji wangu, iwapo wewe ni mwalimu, huenda katika darasa lako kuna kijana anayekuja amechelewa kila Jumatatu, macho mekundu, viatu vya mpira vikining'inia begani. Kabla ya kumwadhibu, muulize anachezea timu gani. Kisha muulize kama aliusoma mkataba wake. Akikuletea karatasi, tafadhali usimwambie aje muhula ujao.